Naomba ushauri: vazi la mtepe kwa binti yangu wa miaka 7

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Shule ya binti yangu hapa Mombasa imetangaza mashindano ya mavazi ya kuigiza, naye amechagua kuwa mtepe, kile chombo cha kale cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigwa misumari, kikasafiri kwa tanga la mraba la mkeka. Nimefurahi mno, kwa kuwa habari zake alizipata kwa babu yake.

Mbavu za chombo nimezikata kwa kartoni, nikatoboa matundu ukingoni na kupitisha kamba ya makumbi, tundu baada ya tundu, mpaka mshono ukaonekana wazi kwa nje. Hapo sina wasiwasi. Shida iko mabegani: kamba zinazoshikilia chombo zilimwachia alama nyekundu baada ya dakika 10 tu, na kwa jasho la joto letu kartoni imeanza kulegea kiunoni. Je, nizizungushie leso kuukuu yenye pamba ndani, au kuna njia bora ya kuugawa uzito huo?

Jambo la pili ni tanga. Nimeunganisha kili nne za miyaa, yaani mikanda iliyosukwa kwa majani ya kutengenezea mikeka, lakini upepo ukivuma linamvuta mtoto nyuma. Ningependa libaki la miyaa, kwani kitambaa cheupe kitaufanya mtepe uonekane kama jahazi la kawaida. Waliowahi kuwashonea watoto mavazi ya aina hii, tafadhali nielekezeni. Zimebaki siku 9.