Biskuti za chokoleti kwa Pasaka ya Wayahudi

Swali
Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi London, na jirani yangu Myahudi amenialika kwenye mlo wa Seder, usiku Pasaka yao inapoanza, majira haya ya machipuko. Ningependa kumpelekea biskuti za chokoleti, lakini siku hizo hawali kitu kilichoumuka. Je, zinaweza kuokwa bila unga wa ngano na bado zikafaa kwa sikukuu?

Jibu la kwanza
Zinaweza, dada, nami nazipenda kuliko zile za unga. Changanya gramu 300 za sukari laini ya unga, gramu 75 za kakao na chumvi kidogo, kisha ongeza ute wa mayai 3 kidogo kidogo, ukikoroga bila kuupiga, mpaka upate rojo zito. Tia lozi zilizokatwakatwa, uoke kwa nyuzi 175 kwa dakika 12 hivi, hadi juu pang'ae na kupasuka. Zipoe kabisa kabla ya kuzibandua.

Jibu la pili
Naomba kuongeza. Sukari ya unga ya dukani mara nyingi huwa na wanga wa mahindi, ambao Wayahudi wa Ashkenazi (wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) kwa desturi huuepuka wakati wa Pasaka, kwa hiyo tafuta iliyoandikwa kuwa inafaa kwa sikukuu hiyo. Mlo ukiwa na nyama, usitumie siagi wala chokoleti ya maziwa, kwa kuwa sheria yao ya dini hairuhusu kula nyama pamoja na maziwa. Zaidi ya yote, muulize mwenyeji wako kwanza, kwa kuwa wanaoshika sana sheria hawapokei kilichookwa kwenye jiko lisiloandaliwa kwa Pasaka.

Mwuliza swali
Asanteni sana. Nitamwomba tuzioke jikoni kwake.