"Mpigeni tegi, mumuuze": hivi hesabu huwa mnazipigia wapi?

Wakuu, mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa drafti (mgao wa wachezaji wapya kwa timu), ni mambo mawili tofauti.

Kila Februari NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, wakifungua dirisha la tegi, wimbo ni ule ule. Mkataba wa kwotabeki, yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, unaisha, timu haina hakika naye, na wajuaji wanatoka na jibu moja: "Mpigeni tegi ya franchaizi, mumuuze, mle raundi ya kwanza mbili," yaani chaguo mbili za raundi ya kwanza ya drafti. Wanaongea kana kwamba wanauza gunia la mkaa barabarani. Kinachoudhi zaidi ni kwamba kuna mabosi wa timu, wanaolipwa vizuri tu, ambao nao wameshaingia mkenge huo huo.

Tuelewane kwanza. Tegi ni haki ya timu kumzuia asiondoke bure mchezaji ambaye mkataba wake unaisha. Tegi kwa kwotabeki ni mkopo kausha damu. Inakupa mwaka mmoja tu, na kila ukiuzungusha riba inapanda. Bei ya tegi ya kwanza hutokana na gharama tano kubwa za wachezaji wa nafasi hiyo, au asilimia 120 ya alichopata mwaka uliopita. Kinachochukuliwa ni kilicho kikubwa. Ya pili haishuki chini ya asilimia 120 ya ile ya kwanza. Ya tatu ni asilimia 144 ya ya pili, na hapo ndipo timu hunyoosha mikono. Akishasaini, hela yote ni ya uhakika, hata akivunjika mguu siku ya kwanza ya mazoezi.

Washington walijifanya hawaioni hesabu hiyo kwa kwotabeki wao Kirk Cousins. 2016 walimpiga tegi ya dola milioni 19.95. Julai ikapita bila mkataba mrefu. 2017 wakarudia: zidisha mara 1.2, unapata milioni 23.94. Kufika 2018 zidisha mara 1.44: milioni 34.5 kwa msimu mmoja, wakati ukomo wa mishahara wa timu nzima mwaka ule ulikuwa milioni 177.2. Karibu moja ya tano ya chungu, kwa mtu mmoja! Januari wakakubaliana na Kansas City kumchukua kwotabeki Alex Smith, wakatoa beki wa pembeni Kendall Fuller na chaguo la raundi ya tatu. Bado kukawa na minong'ono ya kumpiga Cousins tegi ya tatu ili wamuuze, ikaripotiwa kwamba upande wake uko tayari kupeleka shauri, minong'ono ikafa. Machi akaondoka bure kwenda Minnesota: miaka mitatu, milioni 84, zote za uhakika. Washington wakaambulia chaguo la fidia, lile ambalo ligi humpa aliyeondokewa na mchezaji, mwishoni mwa raundi ya tatu, drafti ya 2019. Karibu milioni 44 kwa misimu miwili, halafu chenji ndiyo hiyo.

Sasa kwa nini wasingemuuza mapema? Hapa ndipo wajuaji huwa wanaruka. Tegi ambayo mchezaji hajaisaini si mkataba, na mkataba ambao haupo hauuziki. Ufunguo anao yeye. Asiposaini haendi kokote, na wala humtozi faini akikosa kambi ya mazoezi, maana hana mkataba na wewe. Lakini bei yake yote imeshakaa kwenye ukomo wako tangu mwaka mpya wa ligi unapoanza katikati ya Machi, saa kumi jioni ya New York. Hela hiyo husajilii mtu mwingine. Wanunuzi wanalijua hilo, kwa hiyo wanakaa kimya, wanakuacha ubanwe, kisha wanakuja na bei ya kutupa.

Halafu kuna ile siku ya mwisho ya katikati ya Julai. Ikipita, aliyepigwa tegi hawezi tena kusaini mkataba wa miaka mingi mpaka msimu uishe. Nani atoe raundi ya kwanza kwa kwotabeki wa miezi sita? Mnunuzi mwenye akili anataka kumalizana na wakala wa mchezaji kabla hajatoa hata chaguo moja. Na chaguo zenyewe za mwaka huo huisha drafti ikifanyika mwishoni mwa Aprili. Soko la kweli, basi, ni kama wiki sita. Houston walijifunza 2019 kwa Jadeveon Clowney, ambaye hata si kwotabeki: hakusaini, Julai ikapita, mwisho wa Agosti akaenda Seattle kwa raundi ya tatu na wachezaji wawili wa akiba. Huyu alikuwa ameitwa namba moja kwenye drafti ya 2014.

Najua mtaniletea Matt Cassel. Haya, tumwangalie Cassel. 2008 Tom Brady, kwotabeki wa New England, aliumia goti mchezo wa kwanza kabisa, dhidi ya Kansas City, Cassel aliyekuwa akiba yake akaibeba timu hadi ushindi 11 na vipigo 5. Februari 2009 akapigwa tegi ya milioni 14.65. Akasaini ndani ya siku chache, hakuzungusha, na New England wakabaki na makwotabeki wawili wa bei mbaya huku Brady akirudi. Walimuuza kabla Februari haijaisha. Kwa nini? Kwa sababu Scott Pioli, aliyekuwa mtu wa usajili New England, alikuwa ametoka kuhamia Kansas City Januari ile ile na bidhaa aliijua ndani nje. Na bei ilikuwa nini? Chaguo la raundi ya pili, namba 34. Juu yake New England walimtoa na mlinzi Mike Vrabel! Namba 34 ikawa beki Patrick Chung, kwa hiyo biashara ilizaa matunda. Lakini huo ndio mfano wenu bora: mchezaji amesaini haraka, mnunuzi ni mtu wa nyumbani, na bado hamkuiona raundi ya kwanza hata moja.

Raundi ya kwanza mbili mnazoziimba ni kitu kingine kabisa. Hizo ni fidia ya tegi isiyofunga mlango: timu nyingine inampa mchezaji ofa, anaisaini, timu yake ina siku tano za kuifikia, isipoifikia ndipo inapokea raundi mbili. Kwa mauzo ya kawaida mnapatana bei yoyote, na kwa kawaida iko chini ya hapo.

Tena hata mlango ukiwa wazi, hapiti mtu. Machi 2023 Baltimore walimpa Lamar Jackson tegi hiyo, milioni 32.416. Kwotabeki aliyekwisha kuwa mchezaji bora wa ligi, umri miaka 26, ameomba hadharani auzwe. Ofa? Sifuri. Upande mmoja ni ufundi: ukitoa ofa, fungu lako la ukomo linafungwa siku zote tano, wenzako wanaweza kuifikia na wewe umewafanyia kazi ya majadiliano bure. Upande wa pili unanuka. Mwaka uliotangulia Cleveland walikuwa wamempa kwotabeki Deshaun Watson milioni 230 zote za uhakika, na wenye timu hawakutaka hilo liwe desturi. Msuluhishi wa shauri la chama cha wachezaji aliona ligi iliwahimiza wenye timu wabane hela ya uhakika, ila akasema ushahidi kwamba timu zilikula njama hautoshi. Kila mtu ana tafsiri yake hapo, yangu mnaijua. Lamar akasaini hapo hapo Baltimore mwezi uliofuata, miaka mitano, milioni 260, uhakika 185.

Mkitaka kuona tegi inavyomtafuna aliyeipiga, chukueni kalamu muangalie Dallas. Kwotabeki wao Dak Prescott, tegi ya 2020: milioni 31.4. Oktoba kifundo cha mguu kikavunjika vibaya. 2021 tegi ya pili ilikuwa milioni 37.7, yote mwaka huo huo. Wakasalimu amri, miaka minne milioni 160. Hela ya usajili, ile anayolipwa kwa kusaini, ilikuwa 66; kwenye hesabu za ukomo unaitawanya kwa miaka mitano, mmoja zaidi ya mkataba wenyewe, 13.2 kwa mwaka. Ongeza mshahara wa 9. Mzigo wa 2021 ukawa 22.2. Yaani mkataba mrefu uliwapa nafuu ya zaidi ya milioni 15 mwaka ule ule ukilinganisha na tegi waliyoing'ang'ania. Lakini kwa kuchelewa walilipa vingine: Dak aliweka vipengele viwili, asiuzwe bila ridhaa yake na asipigwe tegi tena. 2024 Dallas wakarudi mezani bila fimbo, wakatoa milioni 240 kwa miaka minne.

Nyongeza, maana maswali yamekuwa mengi:

Wanaosema "wanunuzi wasipokuja si wanaifuta tu": inafutika kabla hajasaini tu. Carolina waliifuta ya Josh Norman Aprili 2016, siku mbili baadaye beki huyo akasaini Washington milioni 75, Carolina wakabaki bila yeye. Ndiyo maana mawakala wajanja humwambia mteja wao asaini mapema.

Anayesema angalau tegi haiachi deni: hapo uko sahihi. Atlanta walipomuuza kwotabeki Matt Ryan 2022 walibaki na milioni 40.5 za mtu ambaye hayupo, kwa sababu hela ya usajili iliyokuwa imetawanywa ilirudi yote kwa mkupuo. Tegi haina mtawanyo, kwa hiyo akienda anaenda na mzigo wake. Faida ni hiyo moja.

Na aliyeuliza kama akihama timu hesabu inaanza upya: haianzi. Kwotabeki Drew Brees alipigwa tegi San Diego 2005, halafu New Orleans 2012. Msuluhishi Stephen Burbank akaamua Julai 2012 kwamba zote zinahesabiwa kwa mchezaji, kwa hiyo ya 2013 ingekuwa asilimia 144. Siku kumi baadaye New Orleans wakampa milioni 100.