Gitaa kuukuu lililopigwa sana, lililochakazwa kiwandani, au jipya kabisa: nichukue lipi?

Nyuzi_Sita (mwanzilishi wa mada)
Wanajukwaa, salaam. Ninakusudia kununua gitaa la umeme kabla ya mwezi huu kwisha, na nimebaki na machaguo matatu. La kwanza ni kuukuu. Mwenyewe amelipiga jukwaani kwa miaka mingi, rangi imemenyeka pale mkono wa kulia unapoegemea, na shingo yake imekuwa laini kiasi kwamba kiganja kinateleza bila kukwama. La pili ni jipya lakini limechakazwa kiwandani kwa makusudi. La tatu ni jipya linalong'aa, nami ningelipiga hadi lizeekee mikononi mwangu. Nasikia gitaa lililopigwa sana hufunguka sauti. Je, ni kweli, na ninyi mngechukua lipi?

Fundi_Shingo
Ndugu Nyuzi_Sita, umetunyima karibu kila kitu kinachohitajika ili ujibiwe. Shingo ya hilo kuukuu imefungwa kwa skrubu au imegundishwa? Vanishi yake ni naitroselulosi au poliesta? Freti, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vilivyovuka ubao wa vidole, zimebaki na kimo gani? Ile fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo bado inazunguka? Pikapu, yaani vile vifaa vya sumaku vinavyonasa sauti ya nyuzi, ni zile lilizotoka nazo kiwandani? Na wewe mwenyewe unapiga solo au rithimu?

Ninasisitiza vanishi kwa sababu ndiyo inayoamua gitaa litazeekaje. Naitroselulosi hupakwa kwa tabaka nyembamba, huendelea kusinyaa miaka mingi baada ya kukauka, hugeuka manjano, hulainika kwa jasho, na gitaa likitolewa kwenye baridi kali na kuingizwa ghafla kwenye joto, vanishi hiyo hupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui, kwa kuwa haitanuki kwa kadiri moja na mbao iliyo chini yake. Poliesta, ambayo watengenezaji magitaa wa Marekani, Fender, walianza kuitumia kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1960, ni nene na ngumu. Haichakai polepole, hubaki iking'aa miaka nenda miaka rudi, kisha siku ikigongwa hubanduka kipande kizima. Ikiwa hilo jipya lako ni la poliesta, huenda wajukuu wako ndio watakaoliona limezeeka.

Rithimu_Kwanza
Chukua kuukuu, usizungushwe na maswali. Kuna kitu mkono wa binadamu hulifanyia gitaa ambacho hakinunuliki. Itazame Stratocaster, gitaa la umeme la Fender, ya mwaka 1961 ya mpiga gitaa Rory Gallagher wa Ireland, ambayo kufikia miaka yake ya mwisho ilikuwa imebakiwa na mabaka tu ya rangi, mbao imekuwa nyeusi kwa jasho. Kiwanda gani kingeweza kuifanya hivyo?

Pikapu_Moja
Fender wenyewe, ndugu yangu. Walitoa nakala ya gitaa hilohilo, na kila mchubuko ukiwa mahali pake. Aidha, Gallagher alilinunua mwaka 1963 likiwa tayari limetumika, kwa hiyo hata michubuko ya kwanza huenda si yake.

Kuhusu sauti kufunguka, naomba tuwe waangalifu. Pikapu husikiliza mtikisiko wa uzi wa chuma ndani ya uga wa sumaku, na sumaku za alniko (aloi inayotumika katika pikapu nyingi) hazipotezi nguvu kwa kupigiwa muziki. Kinachotofautiana sana kati ya gitaa na gitaa ni vitu ambavyo hakuna anayevisifia. Poti ya sauti (kile kikinza kilicho chini ya kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti) iliyoandikwa kilo-omu 250, kwa tofauti ya kawaida inayoruhusiwa ya asilimia 20, inaweza kuwa na 200 au 300, na ile ya 300 hupitisha sauti angavu zaidi. Pikapu za Fender za miaka ya 1950 zilizungushiwa waya huku fundi akiuongoza kwa mkono, kwa hiyo mbili zilizotoka meza moja siku moja zilitofautiana tangu kuzaliwa.

Jambo jingine ni kwamba gitaa baya halichakai. Mtu hulipiga wiki mbili akalirudisha kwenye sanduku, likabaki safi. Zuri hushikwa kila siku, ndilo linalomenyeka. Miaka 30 baadaye tunaliona lililomenyeka lina sauti nzuri, tukadhani kumenyeka ndiko kulikoleta uzuri.

Rithimu_Kwanza
Hoja yako inaniunga mkono bila wewe kukusudia. Ikiwa zuri ndilo huchakaa, basi anunue lililochakaa.

Pikapu_Moja
Mradi limechakazwa na vidole na si na msasa. Utalitambuaje?

Fundi_Shingo
Hutambulika. Mchakao wa kweli hufuata mwili wa mpigaji: ukingo wa juu ambapo mkono unalala, mgongoni ambapo bizimu ya mkanda inakwaruza, na nyuma ya shingo karibu na freti za mwanzo. Kisha tazama freti zenyewe. Mtu aliyepiga kodi (nyuzi kadhaa kwa pamoja) za kawaida kwa miaka huacha vijishimo chini ya nyuzi nyembamba katika freti tatu za kwanza, na kwenye ubao wa vidole wa rozwudi utaona pia mabonde madogo kati ya freti. Ukiona mwili umekwanguka nusu nzima huku freti zikiwa ndefu na laini kama za jana, uliza zilibadilishwa lini. Jibu likikosekana, mchakao huo una mashaka.

Nyuzi_Sita
Asanteni sana. Hilo kuukuu lina shingo iliyogundishwa, mbao ya mahogani, ubao wa rozwudi na hambaka (pikapu za koili mbili) mbili. Napiga zaidi rithimu. Kuhusu freti, mwenyewe anasema "bado zipo". Vanishi sijaiuliza.

Kapo_Mkononi
Uliposema shingo iliyogundishwa ya mahogani, nililazimika kuandika. Mimi niliuziwa gitaa la namna hiyo, limechakaa kwa namna ya kupendeza mno: wekundu umefifia ukawa rangi ya asali, ukingo wa ubao umelainishwa na kiganja cha mtu mwingine, kila kitu kinavutia. Muuzaji alisema ni la asili yote. Wiki za kwanza lilikuwa halikai kwenye sauti. Nikilikaza asubuhi, jioni uzi wa tatu umeshuka. Nilibadilisha nyuzi, nikapaka risasi ya penseli kwenye nati (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi mwishoni mwa shingo), nikabadilisha hata masikio ya kukazia. Hali ikawa ileile.

Fundi aliyelipokea hakuligusa kwanza. Alizima taa ya chumba, akawasha taa ya mionzi ya urujuanimno, akaipitisha mgongoni mwa shingo. Vanishi kuukuu yote iliwaka kijani hafifu, isipokuwa ukanda mmoja nyuma ya nati, upana wa vidole viwili, ambao ulibaki mweusi. Hapo palipakwa vanishi mpya kuficha ufa. Kichwa cha gitaa lile kiliwahi kuvunjika, kikagundishwa ovyo, na sasa kila nyuzi zinapokazwa kilikuwa kinainama kidogo kidogo. Nilipompigia muuzaji, alinijibu kwamba hiyo ni sehemu ya tabia ya gitaa la zamani. Nililipa ukarabati kamili, na muuzaji hakuchangia chochote.

Fundi_Shingo
Kisa hiki ni cha kawaida mno kwa magitaa ya mtindo wa Gibson, kampuni nyingine ya Marekani. Kichwa huinamishwa nyuma, mara nyingi kwa pembe ya digrii 17, na shingo huchongwa kwa kipande kimoja, hivyo nyuzinyuzi za mbao hukatika fupi mahali palepale ambapo pia pamechimbwa nafasi ya nati ya kuzungushia ile fimbo ya chuma. Likianguka chali, hapo ndipo linapovunjika. Hata hivyo, ufa uliogundishwa vizuri hudumu, na hulishusha gitaa bei. Kwa mpigaji wa kweli hilo laweza kuwa bahati, mradi ajue kabla ya kulipa.

Solo_ya_Jioni
Naomba nilitetee lile la kiwandani, maana linanyanyasika. Fender walianza kuuza magitaa yaliyochakazwa mwaka 1995, na tangu hapo watu hubishana kama ni udanganyifu. Mimi sijali michubuko ya mwili. Ninachonunua ni shingo iliyokwisha kuondolewa vanishi nyuma, ubao wenye kingo zilizolainishwa, freti mpya, fimbo inayozunguka na dhamana. Ninapata ulaini wa kuukuu bila ufa wa kuukuu.

Rithimu_Kwanza
Na unabeba makovu ya vita ambayo hukupigana.

Solo_ya_Jioni
Ndugu, hadhira haiyaoni makovu hayo kutoka safu ya pili. Mkono wangu unaihisi shingo usiku kucha.

Besi_Nne
Naongeza jambo dogo kwa Nyuzi_Sita: je, gitaa hilo litavuka mpaka? Rozwudi ni ya jenasi Dalbergia, jamii moja na mpingo. Ile ya Brazili imo katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye udhibiti mkali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, tangu mwaka 1992, na huwezi kuisafirisha kwa kuiweka tu kwenye sanduku. Nyinginezo ziliwekewa udhibiti mwaka 2017, kisha vyombo vya muziki vilivyokamilika vikasamehewa mwaka 2019.

Nyuzi_Sita
Halitavuka. Nitakwenda kulitazama Jumamosi nikiwa na taa aliyoisema Kapo_Mkononi na rula ya kupimia freti. Nimemuuliza mwenyewe vanishi akasema ni "ile ya zamani", na kwamba mgongoni kuna alama mbili zilizolainika ambazo hajui zimetoka wapi.

Fundi_Shingo
Naitroselulosi hiyo. Alama hizo ni za stendi yenye mpira. Kemikali ya mpira huilainisha vanishi ya namna hiyo hadi ikanata. Sauti haiharibiki, ila ukilichukua, usiliweke kwenye stendi yoyote kabla ya kuifunika kwa kitambaa cha pamba.

Besi_Nne
Kitambaa hakitoshi, huteleza. Litundike ukutani.

Pikapu_Moja
Vitundikio vya ukutani navyo vina mpira, Besi_Nne.