MREJESHO: Postikadi za zamani za Unguja zilizogandishwa kwenye albamu

Wakuu, niliuliza namna ya kujua kama postikadi za Unguja ni za zamani kweli na jinsi ya kuzibandua. Majibu yenu yamefanya kazi, asanteni.

Tochi ya UV (mwanga wa urujuanimno) ndiyo kiboko. Imulike kadi gizani: karatasi iking'aa bluu-nyeupe, kwa kawaida ni chapa ya miaka ya 1950 au baadaye, hata iwe na jina la A. C. Gomes, studio ya picha ya zamani ya Unguja. Isipong'aa, geuza nyuma: upande wa anwani tu, bila mstari wa kati, kwa kawaida ni wa kabla ya 1907. Vidoti vya uchapaji vinavyoonekana chini ya lenzi havithibitishi ughushi. Chapa nyingi za zamani zinavyo.

Kubandua: usiloweshe kadi. Kata ukurasa kuizunguka, ilaze kifudifudi, weka karatasi ya kufyonza yenye unyevu kidogo nyuma ya ukurasa, kisha menya albamu kutoka kwenye kadi, si kadi kutoka albamu. Karatasi nyeusi ya albamu huchuja rangi, hivyo imenye kavukavu. Kadi ambazo ni picha halisi za kamera, si za kuchapwa, zisiguswe na maji kabisa, jelatini (tabaka la juu lenye picha) huvimba.

Mifuko ya kuhifadhia kadi iwe ya plastiki ya polipropilini. Ile laini yenye harufu kali kwa kawaida ni plastiki ya PVC, achaneni nayo.