Kamati ya mchujo wa futiboli ya vyuo Marekani inatufanya mazuzu

Wakuu hii kitu nimeibeba kifuani tangu Desemba 2023, leo naitapika yote. Wanaofuatilia ile futiboli ya Wamarekani ya kushika na mikono mtanielewa, wengine vumilieni.

Mwaka ule chuo cha Florida State kacheza mechi 13 kashinda 13, bingwa wa ACC (konferensi, yani ligi ya kundi la vyuo, kama zilivyo SEC na Big 12), halafu watu 13 wa kamati wamejifungia hotelini huko Texas wanamwambia we ni wa tano, nafasi za kugombea kombe la taifa ziko nne. Eti kwa sababu kwotabeki wao (mrusha mipira) Jordan Travis kaumia mguu Novemba. Sasa si alishaumia na bado wakamfunga Florida, wakamfunga na Louisville 16-6 fainali ya konferensi? Nafasi kapewa Alabama ambaye alishapigwa na Texas tena nyumbani kwake. Yani timu haijafungwa msimu mzima unaiambia kombe hugombei kipa wako mgonjwa, ingekuwa bongo hapo ofisi za ligi zingelindwa na FFU.

Na msije na ile 63-3 aliyopigwa Florida State na Georgia baada ya kuachwa, wachezaji kibao walishajitoa, wengine akili iko NFL (ligi ya kulipwa), mlitegemea nini?

Nikasema wakiongeza timu ziwe 12 yataisha. Thubutu. 2025 Alabama kala 28-7 na Georgia fainali ya SEC, alikuwa wa 9 akabaki wa 9, hata nafasi moja hakushuka. Siku hiyohiyo BYU kala 34-7 na Texas Tech fainali ya Big 12, katolewa wa 11 kawekwa wa 12 na safari ikaishia hapo (wa 11 na wa 12 waliachwa maana kuna nafasi za mabingwa wa konferensi, hata wakiwa chini), wakati rekodi yake ni ushindi 11 vipigo 2 na Alabama ni 10-3. Kipigo ni kipigo au cha SEC kinapakwa asali?

Notre Dame ndo kabisa. Wikendi ile hakucheza, kakaa kwake ametulia, wamemtoa wa 10 wamempeleka wa 11 ili Miami apite, sababu Miami alimfunga 27-24 mwezi wa nane. Mwezi wa nane! Wiki zote mlizokuwa mnamweka juu ya Miami hiyo mechi mlikuwa hamjaisikia? (Ila huyu naye hana konferensi ya kumpigania, kajitakia.)

Mwisho wa siku SEC timu 5 kati ya 12. Najua kuna mtu ataniletea 2024, Alabama aliachwa akaingia SMU. Sawa, mara moja, na kelele zake mpaka kesho.

Sasa hivi nasikia watu wanataka vidogo kama Tulane na James Madison vitolewe eti vilifungwa mapema. James Madison kafungwa na Oregon 51-34, pointi 34 kazitia. Alabama wenu kapigwa na Indiana 38-3 pale Rose Bowl, mbona huyo hamsemi atolewe?