Mwanangu ana kisukari, shule imemnyang'anya glukosi na kuifungia kabatini. Nimechoka kubembeleza!

Wakuu, habari za usiku.

Mimi humu ni msomaji tu, sijawahi kufungua uzi. Leo nafungua kwa sababu tangu Jumatano silali, na kila nikijaribu kunyamaza hasira inanipanda upya.

Nina binti wa miaka tisa, yuko darasa la tatu, shule ya msingi hapa Tanga mjini. Jina la shule naliacha kwa sababu mtoto bado anasoma pale. Ana kisukari aina ya kwanza, huu mwaka wa tatu. Na kabla mtu hajaniandikia hapo chini kwamba nilimlea kwa soda na pipi: sikumlea hivyo, na hata ningemlea hivyo, pipi siyo inayoleta aina hii. Kinga ya mwili wake mwenyewe ilishambulia kongosho ikaua seli zinazotengeneza insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu. Zimekwisha. Mlonge hauzirudishi, maji ya bamia hayazirudishi, na ndugu zangu waliokesha wakimwombea, Mungu awalipe, lakini sindano iko palepale. Anachoma asubuhi na jioni, iwe Idi, iwe msiba, awe na homa au awe mzima.

Nisikilizeni kwanza asubuhi yetu ilivyo, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nataka kupasuka.

Saa kumi na mbili kasoro namwamsha. Anachagua kidole mwenyewe, na anatoboa ubavuni mwa kidole, si nchani, kwa sababu nchani panauma zaidi na ndipo anaposhikia penseli. Tone likitoka analigusisha kwenye stripu, kile kipande chembamba kinachochomekwa kwenye mashine ya kupimia sukari, tunasubiri namba. Friji hatuna. Insulini inakaa kwenye mtungi wa udongo ndani ya beseni la mchanga uliolowa, chini ya meza ya cherehani yangu, jua lisipofika. Nesi wa kliniki ndiye aliyenifundisha, na kwa joto la Tanga la mwezi wa pili nakwambia bila mtungi ule dawa ingeharibika. Naitoa chupa, naiviringisha taratibu katikati ya viganja mpaka ule weupe uchanganyike, hairuhusiwi kutikiswa. Yuniti kumi. Leo paja la kulia, kesho la kushoto, keshokutwa tumbo, maana ukichoma sehemu moja kila siku panafanya uvimbe na dawa haiingii vizuri. Tunasubiri nusu saa, anakula, anakwenda shule.

Insulini yake ni ile ya mchanganyiko. Sehemu moja inafanya kazi upesi, nyingine inakwenda polepole mpaka mchana. Maana yake saa nne asubuhi, saa tano, saa sita, ile dawa bado inashusha sukari, mtoto awe amekula au hajala. Ndiyo maana saa nne lazima atie kitu tumboni. Sindano ikishaingia mwilini haisubiri kengele ya shule, haisubiri mgeni rasmi, haisubiri mwalimu amalize kuongea.

Hayo yote niliyaeleza tangu siku ya kwanza ya muhula. Nilikwenda na barua ya daktari, nikakaa ofisini, nikamweleza mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa. Wakaitikia "sawa mama, tumekuelewa." Barua ikawekwa kwenye faili.

Mimi ni fundi cherehani. Nilimshonea mwanangu kimfuko cha kitenge cha kufunga kiunoni, kina zipu na vyumba viwili. Kimoja mashine ya kupimia na stripu, kingine glukosi ya unga niliyoipima vijiko vitatu vitatu kwenye vikaratasi, na pakiti ya biskuti. Hicho kimfuko ndiyo usalama wake. Analala nacho pembeni ya mto.

Jumatatu iliyopita kulikuwa na ukaguzi wa usafi mstarini. Mwalimu wa zamu akamwona nacho, akasema si sare, na biskuti haziruhusiwi shuleni kwa sababu wenzake watatamani. Akakichukua. Mtoto akajieleza, akaambiwa asibishane na mkubwa. Kikafungiwa kwenye kabati la ofisini. Jioni nikapiga simu, nikaambiwa nisiwe na wasiwasi, akihitaji atakuja ofisini kuomba.

Jamani. Sukari ikishuka, mtoto anatetemeka, jasho linamtoka, macho yanaona ukungu, akili inapotea. Huyo ndiye wa kutembea mpaka ofisini, kugonga hodi, kusubiri mkubwa amalize simu, halafu aombe kwa adabu? Na mimi kosa langu nalisema: ningekwenda kesho yake asubuhi. Nilikuwa na sare za kwaya za kumaliza, nikasema nitakwenda Alhamisi.

Jumatano walikuja wageni. Watoto walitolewa madarasani saa tatu na nusu, wakapangwa uwanjani kuimba. Uji wa saa nne haukugawiwa, ukasubiri wageni waondoke. Haya niliyoyapata mengine nimeambiwa na rafiki yake wanayekaa dawati moja, kwa sababu mwanangu hayakumbuki yote. Alimwambia mwalimu mara ya kwanza kwamba anajisikia vibaya. Akaambiwa asimame vizuri. Mara ya pili akasema, "Mwalimu, miguu yangu imekuwa maji." Akaambiwa asijitoe akili mbele ya wageni. Saa tano hivi akaanguka.

Na aliyekuwa na ufunguo wa kabati alikuwa kwenye msafara wa wageni.

Mnajua walifanya nini? Mmoja akasema kifafa, akawasha njiti ya kiberiti akaizima, akamnusisha moshi. Mwingine akasema mapepo, akaanza kukemea. Mwanangu amelala mchangani, jasho limelowanisha shati lote, na stoo ya jikoni iko hatua thelathini kutoka pale, ina sukari ya uji. Hata mmoja hakuiwaza.

Aliyemwokoa ni yule mtoto wa dawati moja. Alikimbia getini kwa bibi anayeuza mihogo ya kukaanga, akamwambia, "Bibi, sukari yake imeshuka." Yule bibi hajui kusoma. Lakini mwezi wa kwanza nilipita pale kununua mihogo nikamweleza mara moja tu, dakika kumi hivi, na yeye akayashika. Aliingia na kopo lake la sukari ya chai, akawasukuma watu wazima wote, akamlaza mtoto ubavu, akachovya kidole kwenye sukari akawa anampaka ndani ya shavu kidogo kidogo. Hakummiminia maji mdomoni, kwa sababu nilimwambia mtu asiyejitambua ukimmiminia atapaliwa. Mpaka mtoto akaanza kumeza, akafumbua macho, ndipo akampa chai yenye sukari. Kisha akanipigia simu.

Nilifika na pikipiki. Kabati lilikuwa limeshafunguliwa, nikatoa mashine nikampima mwenyewe. 2.9. Hapo alikuwa ameshapakwa sukari na kunywa chai kikombe kizima. Chini ya 4 tunaambiwa ni hatari, tusisubiri hata dakika. Sasa alipoanguka ilikuwa ngapi? Nikilifikiria hilo usiku mikono inaganda.

Halafu mwalimu mkuu akaniita pembeni. Nilidhani ataniomba radhi. Akasema, "Mama, kwa hali hii nadhani huyu mtoto anahitaji shule ya watoto maalumu." Mtoto aliyekuwa wa nne kati ya themanini na sita! Mtoto anayejua kwamba kikombe cha uji wenye sukari na kikombe cha uji mtupu havipandishi sawa, anayehesabu yuniti kwenye bomba kuliko shangazi zake! Hahitaji shule maalumu. Anahitaji kula saa nne.

Wakuu, mimi naogopa sana watu wazima wanaokisia. Walishakisia mara moja. Alipokuwa na miaka sita alianza kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha siku nyingi, anakunywa maji mpaka ya ndoo ya kuogea, anakonda huku anakula. Zahanati ya kwanza wakasema ni mkojo mchafu. Tukarudi, wakasema malaria. Alipoishiwa nguvu wakamtundikia dripu ya glukosi. Glukosi! Mtoto anakufa kwa sukari kuzidi, wanamwongezea kwenye mshipa, na hakuna aliyetoa tone moja la damu kupima. Alianza kuhema kwa nguvu kama aliyekimbizwa, mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hospitali kubwa walipompima mashine haikutoa namba, iliandika HI, yaani sukari imepita uwezo wake wa kuhesabu. Siku mbili hakunitambua. Kwa hiyo mtu akiniambia "tulidhani kifafa" mimi sioni neno dogo hapo.

Kuna kitu nilikisoma kliniki ukutani sikisahau. Mtu wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, huko Toronto, Kanada, Januari 1922. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa anakondeshwa kwa njaa ili asogeze siku, kisha anakufa. Wazazi wale wangetoa kila walicho nacho wapate nilichonacho mimi kwenye mtungi. Miaka mia na zaidi imepita, dawa ninayo, mashine ninayo, na mwanangu nusura nimzike kwa kukosa vijiko vitatu vya sukari.

Sasa nasema ninachotaka, na sibembelezi tena. Kimfuko kikae kiunoni mwake, si ofisini, si kwa mwalimu wa darasa. Saa nne ikifika ale, awe darasani, awe mstarini, hata awe mbele ya mgeni rasmi. Akisema anajisikia vibaya apewe sukari kwanza, maswali baadaye. Vijiko vitatu kwenye maji au nusu chupa ya soda ya kawaida, dakika kumi na tano, apimwe tena, halafu biskuti imshikilie. Asiachwe peke yake, asitumwe peke yake kokote. Akiwa hajitambui asipewe kitu cha kunywa, afanyiwe kama alivyofanya yule bibi na akimbizwe hospitali. Nesi wa kliniki amekubali kuja kuwafundisha walimu wote nusu saa, bure. Nimeshawapelekea ujumbe huo mara mbili, jibu ni "ratiba imebana." Ya kuwaweka watoto juani saa moja na nusu ilipatikana.

Na suala la kumhamisha wasilirudie kwangu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya hali ya afya yake. Nimeisoma kwenye simu ya jirani yangu, neno kwa neno.

Kitu kinachoniuma kuliko vyote ni hiki. Jana jioni nilimkuta anajipima akajificha nyuma ya pazia. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mama, wenzangu wanasema nina mapepo, ukinipima pale mlangoni wataniona." Miaka mitatu hajawahi kujificha. Alikuwa anawaonyesha watoto wa jirani mashine yake, wanagombania nani abonyeze kitufe. Nimempigia magoti kliniki, nimemtoboa usiku saa nane akilia usingizini, nimemnyima keki kwenye sherehe za watu huku anatazama, yote hayo tulivuka. Hili wamempa watu ambao namkabidhi kila asubuhi.

Naomba walimu mlioko humu mnisaidie. Barua nianze kwa afisa elimu kata au niende moja kwa moja kwa afisa elimu wa jiji? Kamati ya shule inaweza kuitisha kikao kwa ombi la mzazi mmoja? Na wazazi wenye watoto wenye kisukari aina ya kwanza, shuleni kwenu mmepatana vipi, mmeandikishana kitu au ni maneno ya mdomo? Atakayeniambia nimshukuru Mungu mtoto ni mzima, nimeshamshukuru. Nijibu nilichouliza.

Jumatatu saa moja kasoro nitakuwa getini pamoja naye. Kimfuko kipya nimekimaliza leo jioni, nimekishona kwa kitambaa kilichobaki kwenye sketi yake ya shule, ili neno la sare wasilipate.