Mrejesho: Usiku wa hadithi wa kuchangia ghala la chakula la mtaa

Wadau, niliomba ushauri wa kuandaa usiku wa hadithi, huku Temeke, ili kujaza ghala linalohudumia kaya zenye uhitaji. Shughuli imefanyika, asanteni sana.

Kilichofaa zaidi ni kiingilio cha chakula badala ya pesa: kilo moja ya maharage au mchele kwa mtu mzima, watoto bure. Mzani uliwekwa mlangoni, kila mfuko ukapimwa na kuandikwa daftarini mbele ya aliyeuleta. Hilo linajenga imani kuliko tangazo lolote, na aliyelisisitiza hapa Mungu ambariki.

Kuanza baada ya Isha nako kulisaidia, hakuna aliyeinuka katikati ya hadithi. Lipa namba, yaani namba ya kuchangia pesa kwa simu kwa anayetaka kuongeza, tangazeni kabla ya msimulizi wa mwisho, watu wakiwa bado wameketi. Wakishasimama, wanatafuta viatu na bodaboda.

Kilichokwama ni karanga na mahindi ya kupimiwa sokoni. Mahindi yenye unyevu zaidi ya asilimia 13 hivi huota ukungu ghalani, ukungu huleta sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Bila kipima unyevu, ilibidi yakataliwe, na baadhi ya wachangiaji walinuna, jambo linaloeleweka. Kwa hiyo tangazo litaje mapema vinavyopokelewa: maharage makavu, mchele, sukari, chumvi, mafuta ya chupa isiyofunguliwa. Unga pokeeni kidogo tu, ugawiwe kwanza, maana hauvumilii kukaa kama nafaka nzima.